Spika ya Tano

"Guka, labda ulikuwa unagongea jikoni, si studio," mjukuu wa Ephantus alimtania babu yake, akiweka spika ya tano nyuma ya kochi.

Kwa miaka arobaini Ephantus amewaapia watu wa mtaa mzima wa Mwihoko kwamba alipiga karing'aring'a, ile pete ya chuma ya kugongwa, kwenye albamu moja ya roki. Lakini kwenye santuri, magitaa yaliumeza mlio wote wa chuma chake. Sasa kanda zimechanganywa upya kwa spika tano, kila ala ijitokeze upande wake.

Wimbo ulianza. Dakika ya tisa, nyuma ya kisogo cha Ephantus, chuma kikalia: ting, ting-ting. Kidole chake kikagonga goti papo hapo, bila kukosea hata pigo moja.

"Guka! Ni wewe!"

Ephantus alikuwa ameshafungua dirisha.

"Rudisha hapo. Na uongeze sauti, watu wa mtaa wa Kiuu pia wasikie."