Majani ya Kiota

Wanafunzi waliokuja kwenye kituo cha msituni kuchunguza ndege walikuwa wakiusifu mchoro wa mwenzao Zaituni: kiota, na ndani yake makinda watatu wameachama.

"Kiota hiki nakijua," akasema Bwana Kisamo, mlinzi wa msitu. "Kilifunikwa na majani. Uliwaonaje, binti?"

"Nilisubiri upepo uyafunue."

Bwana Kisamo akatoa mfukoni kijitawi chenye majani, kilichokatwa kwa mkasi, akakiweka juu ya mchoro. "Nimekiokota chini ya kiota. Jana mwewe kawabeba wote."

Zaituni alishindwa kuinua uso.

Wenzake walipokwenda kula, alibaki na penseli, akawa anachora majani mbele ya kiota, jani baada ya jani. Kila alipofunika mdomo mmoja, mwingine ulikuwa bado wazi.