Uma Mrefu

"Mchukulie mumeo huu mfupi, shemeji," alisema Mabruki, fundi baiskeli, akimpa Nyamizi uma wa mbele wenye springi. "Akiuona tu, ataogopa kuruka na baiskeli kutoka majabalini."

"Aogope nani?" Nyamizi alifoka. "Kavunjika mguu, hata hogo la plasta halijatolewa, na bado kanituma uma mpya! Ataruka tu. Sikio la kufa halisikii dawa."

Akausimamisha sakafuni, akaulalia kwa kifua. Springi ikabonyea hadi mwisho, chuma kikagonga chuma: ko! Mlio ule ule aliousikia siku mumewe alipoanguka.

Akausukumia mbali, akaunyakua ule mrefu kuliko zote zilizotundikwa ukutani, akaukandamiza kwa hasira zake zote. Ukazama, ukazama, kisha ukamnyanyua taratibu bila kugonga.

"Huu haugongi," alinong'ona, akaukandamiza tena, na tena, mpaka fundi akageuza uso.