Herufi Mbili

Kidole gumba cha Pascalia kilikuwa kimeshapakwa wino alipoliona lile neno.

Wino huo ulikuja mfukoni mwa shemeji yake. Alijua mjane wa ndugu yake hajui kusoma, akaja amejipanga. "Ni lease tu, shemeji," alisema akinyoosha karatasi mezani. "Tunakodisha shamba miaka mitatu, kisha linarudi kwako. Weka kidole hapa."

Asichojua ni kwamba tangu Januari Pascalia alikuwa akienda ngumbaru, darasa la watu wazima, kule Khayega kila Jumanne alasiri. Chini ya godoro alificha daftari la Kiingereza: neno, maana yake, kisha sentensi. Mwalimu wao hakukubali neno lisilo na sentensi.

Juma lililopita aliwaandikia ubaoni mawili yanayofanana. Lease, kukodisha. Release, kuachilia. Pascalia alitunga sentensi ya kuku aliyeachiliwa asirudi tena, darasa zima likacheka.

Neno la kwenye karatasi lilianza na r, ikafuata e. Alilisoma tena, midomo imefungwa.

"Wino unakauka," shemeji akasema. Akamshika kifundo cha mkono, kwa upole, akaanza kuushusha.

Pascalia akaukaza mkono. Kidole kikabaki juu ya karatasi, hakijaigusa, wino umejaa kwenye mistari ya ngozi. Akakisogeza taratibu mpaka kikasimama juu ya lile neno.

"Shemeji," akasema, "hebu nitungie sentensi kwa neno hili."