Makubazi Mlangoni mwa Ndege

Mzee alivua makubazi mlangoni mwa ndege, akayapanga vizuri pembeni, akaingia pekupeku kama aingiavyo nyumbani kwa watu.

"We mzee, vaa viatu! Hapa siyo msikitini," Husna, mhudumu wa ndege, alimkaripia. Abiria wakacheka.

Kiti cha mbele, Mzungu mmoja alikuwa amepandisha miguu mitupu ukutani, kucha zimejaa tope. Huyo alikuwa ameulizwa na Husna, kwa sauti laini, iwapo aletewe mto.

Mzee aliitazama miguu ile, kisha akamtazama Husna usoni, akatabasamu. "Mwanangu, wewe si binti wa Mhina, wa Kwedizinga kule Handeni?"

Husna alihisi macho ya abiria yakimchoma. Marehemu baba yake alikuwa akivua viatu namna hiihii, hata akiingia benki.

"Umenifananisha," akajibu. "Mimi mtu wa Dar."

Mzee aliinama, akafuta soli za makubazi kwa pindo la kanzu yake, taratibu, ndipo akayavaa juu ya zulia.

"Kweli nimekufananisha," akasema. "Binti wa Mhina angeniamkia."