Suruali ya Mteja wa Asubuhi

"Inchi nne," alisema msichana bila kuitazama karatasi.

Babu yake, fundi cherehani, alikuwa ameshika suruali nyeusi ya michirizi ya kijivu. Kiunoni palibanwa karatasi ya maagizo kwa pini, kama kwenye nguo zote za kibanda kile. Miwani ya babu ilikuwa imevunjika. Tangu mama mtu aende kufanya kazi mbali na kumwacha mtoto hapo, mjukuu ndiye aliyemsomea.

"Una hakika, bibie?"

"Punguza inchi nne. Ndivyo ilivyoandikwa."

Karatasi ya jana ilisema nne. Ya leo ingesema nini kingine? Herufi zilimchosha. Shuleni walimwita Gogo, naye alikaa dawati la nyuma peke yake. Mwalimu alishasema: asipojua kusoma ifikapo mwisho wa mwaka, atarudia darasa.

Mkasi ukalia. Babu akapinda, akashona, akapiga pasi. Kisha akamwekea karatasi ile magotini.

"Haya, isome tena. Kwa kidole."

Kidole kikatambaa. "Pu-ngu-za... inchi... moja."

Nje watu walipita na mifuko ya nguo za dukani. Hakuna aliyegeuza shingo.

"Tuiunge, babu."

"Maji yakimwagika hayazoleki."

"Mwenyewe atasema nini?"

"Ana kiburi yule mzee. Ila ataivaa. Hana nyingine ya maana."

"Basi nimwombe radhi."

"Wateja wangu huja asubuhi, wewe ukiwa shule."

Usiku ule msichana hakulala vizuri. Kesho yake alisoma karatasi kwa kidole, mara mbili, ndipo akafungua mdomo. Shati: geuza kola, upande wa ndani bado mzima. Koti: vifungo vyeusi visipopatikana, weka vya kahawia.

Siku zilivyokwenda, karatasi zikarefuka. Moja ilisema: "Fundi, shona kwapa taratibu. Koti hili marehemu mke wangu alilipenda, na siku hizi hakuna wa kuniambia limenikaa vipi."

Msichana aliisoma mpaka mwisho bila kusimama, kisha akairudia kimoyomoyo.

"Babu, mbona wateja wako wapweke hivi?"

"Wapo wengi wa namna hiyo," babu alijibu, akitafuta tundu la sindano.

Mwisho wa mwaka, mbele ya wazazi wote, mwalimu alimwita Gogo jukwaani. Akasoma ukurasa mzima wa kitabu kilichowekwa mezani, mikono ikiwa mgongoni. Alipomaliza, katika safu ya nyuma kabisa alisimama mtu mmoja, akaanza kupiga makofi.

Alikuwa babu, miwani machoni, ndani ya koti la vifungo vya kahawia. Suruali yake nyeusi ya michirizi ya kijivu ilikuwa imemkomea juu ya vifundo vya miguu.