Yule, Siyo Ile

Njia ya msituni ilikuwa fupi na tambarare, na mwongoza watalii alikuwa ameshawaonyesha wageni wake tumbili, kulungu na nyayo za kiboko. Walipofika ziwani, bibi mmoja mwenye darubini alinyoosha kidole kwenye matete.

"Kanga ile pale."

"Yule," mwongozaji alimsahihisha, akicheka. "Kanga ana roho yake, mama, usimwite kama kitambaa. Tena haogelei."

"Basi ni ile, mwanangu. Ya kuvaa. Imenasa kwenye matete, ina maua mekundu."

Kicheko kilimkatika. Alfajiri, bomba la nyumbani likiwa kavu, mkewe alimuuliza kama ni salama kuchota maji upande huu. Naye, huku akifunga kamba za viatu, alimjibu kama mtu anayeijua kazi yake: mamba wamehamia ng'ambo, nenda tu.

Sasa ndipo alipoiona ndoo yao ya bluu ukingoni, imesimama wima, tupu.

Alishika darubini yake iliyoning'inia shingoni, kisha akaiachia.

"Ina na maneno," alisema bibi, akizungusha lenzi taratibu. "Ngoja nikusomee."

"Usisome, mama."