Sori

"Sori," alisema mwalimu wa kisomo. "Maana yake pole. Tena maana yake samahani."

Kalamu ya Mwanakheri ikasita. Siku alipomzika mama yake, mumewe aliyemwacha akahamia ng'ambo alipiga simu. Alisema neno hilo moja tu, kisha pumzi zake zikawa zinasikika. Mwanakheri akajibu kama pole inavyojibiwa: "Nishapoa." Akakata.

"Sasa mwalimu," aliuliza Mwanakheri, "mtu atajuaje kaambiwa pole au kaombwa samahani?"

"Si unamtazama usoni, mama!"

Darasa likacheka, kisha likatawanyika. Mwanakheri alibaki dawatini, ameinamia kioo cha simu iliyozimika, na uso uliomtazama humo ulikuwa wake mwenyewe.